Kibandiko Kimoja, Vichwa Viwili: Uchambuzi wa Kisa cha Mke na Mume wa Mji wa Kale

Mume ana miaka 39, mke 36. Wanaishi Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili ya nyumba ya ukoo. Mama mkwe anakaa chini. Mume ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Huvuta sigara 14 kwa siku, barazani na maskani, mbele ya kila mtu. Mke hukaanga mahamri ya kuuza. Huvuta 12, na anayejua ni mumewe tu. Waliacha siku moja, Jumatatu, kwa kibandiko cha nikotini cha aina moja na nguvu moja: miligramu 21 kwa saa 24. Kufikia wiki ya 5 mume hakuwa amegusa sigara. Mke alikuwa amerudi kwenye 11 kwa siku, na mumewe, ambaye hana ubaya, alikwisha kutoa hukumu: "Mwenzangu hajaamua."

Kisa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo wawili hawa hawatafutwi mtaani. Yanayosemwa kuhusu ubongo, dawa na vipimo ndiyo yanayojulikana.

Kosa kwenye karatasi

Siku ya kwanza wote wawili waliulizwa maswali sita ya Fagerström, kipimo cha utegemezi wa nikotini, ambayo jumla yake ni alama 10. Swali zito kuliko yote ni hili: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Ndani ya dakika 5 ni alama 3. Dakika 6 hadi 30, alama 2. Dakika 31 hadi 60, alama 1. Zaidi ya saa moja, sifuri. Mume alipata 7. Mke alipata 2, akaandikiwa "utegemezi mdogo sana".

Swali lile linamdhania mvutaji aliye huru kuwasha anapotaka. Mke huyu huamka saa kumi na robo alfajiri kukanda unga. Saa hiyo mama mkwe naye yuko macho akingoja sala. Sigara ya kwanza basi hungoja mpaka saa kumi na moja na nusu, mama akisharudi kulala, ndipo mke apande darini. Ni dakika 75. Karatasi ilizihesabu kuwa za ubongo unaoweza kustahimili, kumbe zilikuwa za ngazi yenye mtu. Alipoulizwa baadaye, faraghani, "Bi, ungebaki pekeyo nyumbani, ya kwanza ungeiwasha lini?" alijibu: "Kabla sijavaa kandambili." Kwa jibu hilo moja alama zilipanda kutoka 2 hadi 5.

Jibu hilo lina matokeo dukani pia. Chingamu ya nikotini huchaguliwa kwa swali lilo hilo: anayewasha ndani ya dakika 30 baada ya kuamka hupewa ya miligramu 4, wengine ya miligramu 2. Kwa mvutaji wa kificho, kanuni hiyo humpa dawa pungufu bila mtu yeyote kujua.

Na kuna swali ambalo halikuulizwa kabisa, nalo ndilo lililokuwa la hatari zaidi: anatumia njia gani ya kupanga uzazi? Alikuwa akimeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili pamoja, estrojeni na projestojeni. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta chini ya sigara 15 kwa siku huwekwa kundi la 3 kwa vidonge hivyo, yaani kwa kawaida havipendekezwi. Akifika 15, ni kundi la 4, havitumiki kabisa, kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Hapo hatujagusa uraibu bado.

Wiki tano za kwanza

Mume alipata taabu ya aina yake. Siku ya tatu alianza kutetemeka mikono, hakulala, moyo ukimwenda mbio, akataka kubandua kibandiko. Kibandiko hakikuwa na kosa. Alikuwa akinywa vikombe 6 au 7 vya kahawa chungu kila jioni. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, ambacho ndicho kinachovunja kafeini. Kazi hiyo hufanywa na lami ya moshi, wala si nikotini, kwa hiyo kibandiko hakiwezi kuishika nafasi yake. Mtu akiacha kuvuta, kimeng'enya hupoa ndani ya siku chache na kahawa ile ile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Alipunguza hadi vikombe 3, cha mwisho kabla ya magharibi, na mikono ikatulia. Muguka, ile miraa ya majani, aliuacha kwa sababu maskani yenyewe aliikwepa kwa wiki tatu. Muguka na sigara ni ndugu wa titi moja, na asiyeacha vyote viwili mara nyingi hurudi kwa vyote viwili.

Mke alianguka kwa mafungu. Siku ya pili kibandiko kilibanduka. Alikibandika mkononi, juu ya kiwiko, baada ya kuoga na kujipaka mafuta ya nazi, kisha akasimama mbele ya karai la mafuta ya moto saa tatu nzima, jasho likimtiririka. Gundi haishiki hapo. Hakujua kama inaruhusiwa kuweka kingine, akangoja kesho.

Siku ya tano, magharibi, alitia udi kwenye chetezo kama kawaida yake. Kabla moshi haujafika pazia, mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta kiberiti. Akavuta moja darini. Akasema baadaye kwamba hakuwa na hamu ya sigara siku nzima, hata akashangaa.

Wiki ya tatu, harusini, upande wa wanawake, kulikuwa na shisha. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, lakini kupigwa marufuku na kutoweka ni mambo mawili. Akaona shisha si sigara. Sigara moja ina pumzi 8 hadi 12. Kikao cha shisha huweza kuwa na pumzi 50 hadi 200, juu ya makaa. Baada ya usiku huo zilirudi mbili kwa siku, halafu nne, halafu zote.

Yanayotokea kichwani

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Hushika vipokezi vya asetilikolini, yaani milango ya seli za neva, hasa vyenye kipande cha beta-2, na seli hizo zikamwaga dopamini, kemikali ya tuzo. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: pumzi moja au mbili hujaza takriban nusu ya vipokezi hivyo, na sigara nzima hujaza karibu 88%. Kwa hiyo mvutaji wa kawaida hushinda kutwa vipokezi vyake vimejaa. Je, sigara ya saba ya siku inamtafutia nini?

Kwa mwanamume na mwanamke, majibu yanaelekea kutofautiana. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Yale, Marekani, walipiga picha za vipokezi vya beta-2. Wanaume wavutaji walikuwa na vipokezi vingi kuliko wanaume wasiovuta: ubongo ulikuwa umeongeza milango kwa sababu mgeni haachi kubisha. Kwa wanawake ongezeko hilo halikuonekana. Wavutaji na wasiovuta walilingana. Tena, mwanamke aliyekuwa na projesteroni, homoni ya kike, nyingi zaidi damuni alionyesha vipokezi vichache zaidi vilivyo wazi.

Mwaka 2014 kundi hilo likaenda mbele zaidi. Wanaume 8 na wanawake 8 walivuta sigara wakiwa ndani ya mashine ya PET, inayopiga picha za kazi ya ubongo, wakiwa wamedungwa raklopridi yenye kaboni-11, kemikali yenye mionzi inayoonekana kwenye picha. Raklopridi hukalia vipokezi vya dopamini. Dopamini ikimwagwa, huisukuma ikatoka, na mwanga wa picha hufifia. Kwa kufuatilia ufifiaji huo dakika baada ya dakika, watafiti walipata kitu kama filamu. Kwa wanaume dopamini ilipanda haraka na kwa namna moja katika striatamu ya chini, sehemu inayohusika na tuzo ya dawa yenyewe. Kwa wanawake sehemu hiyo haikujibu hivyo. Walijibu haraka kuliko wanaume katika kipande cha juu cha putameni, sehemu inayohusika na mazoea na mwendo, yaani vitendo ambavyo mkono hufanya bila kuagizwa.

Mrudishe sasa mke kwenye chetezo chake. Kwa miaka, kila magharibi, alipanda darini kuvuta kisha akafukiza udi chumbani ili kuua harufu. Mara nyingine aliwasha udi kwanza, uwe kinga. Vitu viwili vikifuatana mara elfu, ubongo haubagui kipi kilikuwa kificho na kipi kilichofichwa. Udi wenyewe ukawa mwito. Kibandiko kinalisha vipokezi polepole, mchana kutwa. Hakina la kusema kuhusu harufu, kiberiti na ngazi. Majaribio ya maabara yanaelekea huko huko: wavutaji walipozuiwa wasinuse wala kuonja moshi, wanawake walipungukiwa na raha ya sigara zaidi kuliko wanaume. Na majaribio ya kibandiko yakiunganishwa, wanawake huonekana kunufaika nacho pungufu kuliko wanaume.

Tahadhari mbili hapa, kwa sababu matokeo haya hunukuliwa ovyo. Watu 16 ni wachache. Na hizo ni wastani: wako wanaume wanaovuta kwa mazoea matupu, na wako wanawake ambao nikotini peke yake ndiyo bwana wao. Jinsia haimwambii mhudumu jibu. Inamwambia ni maswali gani asiyaruke.

Ini, kisha nyumba

Nikotini huvunjwa zaidi na kimeng'enya CYP2A6, na nusu ya iliyomo damuni huisha kwa muda wa saa 2 hivi. Wanawake kwa wastani huivunja haraka kuliko wanaume, na wanaomeza vidonge vyenye estrojeni huivunja haraka zaidi, kwa sababu estrojeni hukichochea kimeng'enya hicho. Kibandiko cha miligramu 21 kwa mume na kwa mke ni sawa kwenye boksi tu. Damuni mwa mke kilikuwa kinaacha kiwango cha chini, hata siku ambazo hakikubanduka. Ukiongeza na siku kilipobanduka, alikuwa ameacha karibu bila dawa huku mwenziwe akiacha akiwa nayo kamili.

Baada ya ubongo na ini kuna nyumba, na hapa ndipo uchambuzi mwingi wa jinsia hukosea njia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba 15.1% ya wanaume wazima wa Kenya walikuwa wakivuta, wanawake 0.8%. Mwanamume anayeacha hupongezwa barazani. Mwanamke anayeacha hawezi kumwambia mtu kwamba anaacha kitu ambacho hakuna ajuaye alikuwa nacho. Hatafuni chingamu ya dawa mbele ya wifi. Hasemi amekasirika kwa sababu ya arosto ya sigara. Anaonekana mkali tu, na ukali wa mke nyumbani kwa wakwe una bei yake. Kuvuta kwa kificho pia humfunga mtu mahali pamoja, saa moja, harufu moja, na mwito unaofungwa hivyo huwa mkali. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoonekana kwenye picha kama "ubongo wa kike" yaweza kuwa ni historia ya mahali ambapo wanawake wameruhusiwa kuvuta. Mashine ya PET haitenganishi mambo hayo.

Mpango wa pili

Ulianza na uzazi, si na sigara. Vidonge vilisimamishwa, akawekewa kijiti cha mkononi, ambacho hakina estrojeni. Siku ya kuacha ikapangwa siku 10 baadaye. Shauri la kuchagua siku kwa kufuata mzunguko wa hedhi halikufuatwa: tafiti zenyewe zinapingana, na aliyekuwa kwenye vidonge hana mzunguko wa asili wa kufuatwa.

Vareniklini, kidonge cha kusaidia kuacha sigara, ingefaa. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021, na majaribio yaliyounganishwa yalionyesha kuwa inawasaidia wanawake zaidi kuliko wanaume mwisho wa matibabu na ilipotimia miezi 6, ingawa ulipotimia mwaka tofauti ilikuwa imekwisha. Huanza kwa miligramu 0.5 mara moja kwa siku kwa siku 3, kisha 0.5 mara mbili kwa siku 4, kisha 1 mara mbili, jumla wiki 12, daima baada ya chakula na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu humwachisha mtu dawa kabla ya sigara. Haikupatikana katika maduka ya dawa aliyoweza kuyafikia. Akawekwa kwenye njia nyingine: kibandiko pamoja na chingamu.

Kibandiko kilibaki miligramu 21 kwa sababu bado alikuwa juu ya sigara 10. Kilihamishwa kwenye nyonga, mbali na joto la karai. Mahali hapo paoshwe kwa sabuni isiyo na mafuta, pakaushwe kabisa, kibandiko kikandamizwe kwa kiganja sekunde 10, ndipo mafuta ya nazi yapakwe kwingineko. Mahali pamoja pasirudiwe ndani ya wiki. Kikibanduka, kiwekwe kipya papo hapo, na ratiba ya kesho iendelee ilivyokuwa. Kilichotumika kikunjwe gundi kwa gundi kabla ya kutupwa, maana bado kina nikotini ya kumdhuru mtoto.

Chingamu ya miligramu 4 ndiyo iliyohitaji mafunzo zaidi. Alikuwa ameijaribu wiki ya nne na kuitangaza kuwa haifai: ilimletea kwikwi na kiungulia. Aliitafuna kama Big G. Hutafunwa polepole mpaka ulimi uhisi pilipili au kuwashwa, kisha hukaa kati ya shavu na ufizi mpaka mwasho uishe, dakika moja hivi, kisha hutafunwa tena kidogo. Hivyo kwa nusu saa. Mate yenye nikotini yakimezwa, hupotea tumboni na kwenye ini.

La pili lilikuwa la Kimombasa hasa. Ili mdomo usikae bure, mke alikuwa akimung'unya mabuyu, akila maembe mabichi ya pilipili, akishushia maji ya ukwaju, kisha chingamu juu yake. Nikotini hupenya ngozi laini ya mdomo pale mate yanapokuwa na ualkali kidogo, na chingamu imetengenezwa iyafanye hivyo. Ukali wa ukwaju huipa nikotini chaji, na yenye chaji haipenyi. Kahawa, soda na ndimu ni vivyo hivyo. Kanuni: dakika 15 kabla na wakati wote wa kutafuna, maji matupu tu.

Kisha udi. Kwa wiki 2 haukuwashwa juu kabisa. Mapazia, foronya na mabuibui yalifuliwa, chetezo kikashushwa chini kwa mama, kiberiti nacho. Mumewe ndiye aliyebeba, na ndiye aliyetoa sababu: mkewe kifua kinamsumbua. Uongo mdogo, lakini ulimnunulia nafasi. Wiki ya 3 udi ulianza kuwashwa saa nne asubuhi badala ya magharibi, chini, yeye akiwa ametangulia kutafuna chingamu dakika 20, kwa kuwa nikotini ya mdomoni huchelewa kupanda. Hukaa mpaka hamu ishuke yenyewe. Huondoka ikishashuka, si kabla. Akikimbia ikiwa kileleni, ubongo hujifunza kwamba kilichomwokoa ni kukimbia. Baada ya mara tano, udi ulihamia magharibi, bado chini. Wiki ya 5 ukapanda juu. Mikono ilipewa kofia ya vito ya kushona, kazi inayotaka vidole vyote viwili vya sindano, wakati ule ule ambao zamani alikuwa darini.

Kilichotokea

Alivuta mara mbili: siku ya 9, baada ya ugomvi, na siku ya 31 alipokuta pakiti ya zamani ndani ya debe la unga. Kibandiko hakikutolewa kwa sababu ya sigara moja. Kukitoa ndiko hugeuza moja kuwa pakiti.

Wiki ya 3 alipata kichefuchefu cha asubuhi. Kipimo cha mimba kilifanywa, hakikuonyesha kitu. Sababu iliyobaki yenye maana ni ini: estrojeni imeondoka, CYP2A6 imepungua kasi, nikotini ile ile sasa inakaa zaidi. Chingamu ilishushwa hadi miligramu 2, kichefuchefu kikaisha kwa siku tatu. Kibandiko kilikaa 21 mpaka wiki ya 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2.

Wiki ya 7 pumzi yake ilipimwa kaboni monoksaidi, gesi ya moshi na makaa, ikatoa sehemu 11 kwa milioni, wakati asiyevuta hutarajiwa kuwa chini ya 6 hadi 10 kutegemea kikomo kinachotumika. Alilia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye jiko la makaa, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Kipimo cha kotinini ya mate, yaani kinachobaki nikotini ikivunjwa, kisingemtetea, kwa kuwa kibandiko nacho huizalisha. Alipimwa tena siku ya pili kabla jiko halijawashwa: 3. Tangu hapo karatasi yake ina swali jipya juu ya kipimo: jiko au chetezo, saa ngapi?

Wiki ya 12 hakuwa akivuta. Alikuwa ameongeza kilo 3, jambo lililomkera kuliko lilivyomdhuru. Wastani wa wanaoacha ni kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza.

Mume, yule wa alama 7 ambaye kibandiko kilimtosha, aliwasha sigara wiki ya 14. Hakuwa na arosto. Vipokezi vilivyoongezeka hurudi kiasi cha kawaida ndani ya wiki 6 hadi 12. Ilikuwa Ijumaa usiku, mpira, muguka, rafiki mmoja amerudi kutoka safari. Aliomba kibandiko kingine. Hakupewa. Aliulizwa alikaa upande gani wa baraza, nani alimpa moto, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika nini kabla ya hapo.